Kisa cha Kaibab: wawindaji tisa kati ya kumi walikubali, na kondori bado wanakufa

Kaskazini mwa Grand Canyon, katika jimbo la Arizona, kuna uwanda wa juu uitwao Kaibab. Kulungu wake wanasifika Marekani nzima, na vibali vya kuwawinda hutolewa kwa kura kwa sababu waombaji ni wengi kuliko nafasi. Sehemu kubwa ya uwanda huo ni ardhi ya umma iliyo chini ya Idara ya Misitu ya Marekani. Aliyepata kibali huingia na bunduki yake, humpiga kulungu, humpasua palepale, hubeba nyama na kuyaacha matumbo msituni. Ndivyo walivyofanya baba yake na babu yake. Kwa miaka mingi hakuna aliyejiuliza ni nini kilichobaki ndani ya matumbo hayo.

Hubaki vipande vya madini ya risasi, metali laini yenye sumu inayotengenezewa risasi za bunduki, na kondori, ndege walao mizoga, huvimeza na kufa. Mjadala wa kudhibiti madini hayo katika zana za uwindaji hutajwa zaidi kwa mfano wa California, jimbo lililoamua kupiga marufuku. Mimi naona Kaibab inafundisha zaidi. Hapa njia ya hiari ilijaribiwa kwa dhati, kwa fedha na kwa heshima, na wawindaji wengi mno wakaitikia. Kama hiari ingeweza kulimaliza tatizo hili mahali popote, basi ingelimaliza hapa.

Ndege na ahadi

Kondori wa California ndiye ndege mkubwa kuliko wote wanaoruka Amerika ya Kaskazini. Mabawa yake yakikunjuliwa hufika karibu mita 3. Hawindi, hula mizoga, kama tumbusi wa kwetu. Jike hutaga yai moja tu, mara nyingi kila baada ya miaka miwili, na huchukua miaka sita au zaidi kabla ya kuanza kuzaa. Kiumbe wa aina hii huishi miongo mingi na kizazi chake husimama juu ya jambo moja: wakubwa wasife mapema. Wakianza kufa, vifaranga hawawezi kuziba pengo.

Mwaka 1982 walikuwa wamebaki 22 duniani kote. Mwaka 1987 wa mwisho aliyekuwa porini alikamatwa, na wote 27 wakawa kwenye vituo vya San Diego na Los Angeles. Uamuzi huo uliwagawanya wahifadhi vibaya, lakini ndio uliookoa uzao. Kurudishwa porini kulianza California mwaka 1992. Desemba 1996 ndege sita waliachiwa kwenye majabali mekundu ya Vermilion Cliffs, ubavuni mwa Kaibab, chini ya uangalizi wa shirika la The Peregrine Fund.

Hapo ndipo kisa chetu kinapoanza, na kinaanza kwa ahadi. Ili wenyeji wa kaskazini mwa Arizona na kusini mwa Utah wawakubali, serikali ya shirikisho iliwaandikisha kondori hao kama kundi la majaribio chini ya Sheria ya Viumbe Walio Hatarini. Hadhi hiyo hulegeza masharti ya ulinzi. Wenyeji walihakikishiwa kwamba ujio wa ndege hautabadilisha uwindaji wao wala matumizi yao mengine ya ardhi. Naielewa ahadi ile. Bila hiyo yamkini vizimba visingefunguliwa kabisa. Ila wakati inatolewa, maiti za kondori zilizochunguzwa miaka ya 1980 zilikuwa zimekwisha kuonyesha sumu ya madini ya risasi. Waliahidi kutogusa uwindaji huku adui wa ndege akijulikana.

Vifo vya kwanza vya sumu hiyo katika kundi la Arizona vilithibitishwa mwaka 2000.

Kinachobaki ndani ya matumbo

Wengi hudhani risasi huingia upande mmoja wa mnyama na kutokea upande wa pili ikiwa nzima. Risasi ya bunduki kubwa yenye kiini cha madini ya risasi haifanyi hivyo. Madini haya ni laini. Yakigonga mwili kwa kasi ile hupasuka na kutawanyika vipande vipande, vingine vidogo kama vumbi, mbali na tundu la jeraha. Mwaka 2006 yalichapishwa matokeo ya picha za eksirei za mabaki ya kulungu 38 waliouawa kwa bunduki. Kati ya malundo 20 ya matumbo yaliyopigwa picha, 18 yalikuwa na vipande vya risasi. Matano kati yake yalikuwa na zaidi ya vipande 200 kila moja.

Kondori humeza vipande hivyo pamoja na nyama. Tumbo lake lina asidi kali sana, kwa kuwa limeumbwa kuyeyusha uozo na mifupa. Asidi hiyohiyo huyeyusha madini ya risasi na kuyapeleka kwenye damu, nayo hushika nafasi ya kalisi na kuharibu mishipa ya fahamu. Misuli ya utumbo hupooza. Ule mfuko wa kooni ambamo ndege huweka chakula kabla hakijashuka hujaa na kuvimba, na chakula hakiendi popote. Ndege hufa kwa njaa akiwa amejaa chakula kooni. Nakieleza hiki kwa kirefu kwa sababu katika mabishano ya sheria na haki za wawindaji ni rahisi kusahau kwamba kifo chenyewe huchukua siku nyingi.

Kondori hula kwa kundi. Lundo moja la matumbo laweza kukaliwa na ndege kadhaa kwa pamoja. Wasomaji wa Kenya na Tanzania wanakijua kisa cha tumbusi wa Mara na Ruaha, ambako mzoga mmoja uliotiwa sumu kwa ajili ya simba umeua makumi ya ndege kwa siku moja. Sumu ni nyingine na nia ni nyingine kabisa, maana mwindaji wa Kaibab hakusudii kumdhuru kondori. Lakini tabia ya ndege ni ileile, na ndiyo inayofanya kosa dogo kuwa kubwa.

Je, tuna hakika kwamba madini hayo yanatoka kwenye risasi za bunduki, si kwenye rangi za zamani au udongo? Ndiyo. Madini ya risasi huwa na uwiano wa isotopu, yaani aina za atomi zake zinazotofautiana uzito, unaoonyesha yalikotoka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz, walipima damu na manyoya ya kondori wa California, na uwiano uliokutwa kwa wengi wenye sumu ulilingana na ule wa risasi za dukani. Kupinga hili leo ni kupinga kipimo.

Mpango wa hiari

Idara ya Wanyamapori na Samaki ya Arizona haikukimbilia sheria. Mwaka 2003 ilianza kuwaomba wawindaji watumie risasi zisizo na madini hayo, na mwaka 2005 ikaongeza jambo lililobadilisha mambo: kila aliyepata kibali cha kulungu katika eneo la kondori alipewa risasi za shaba bure. Fedha zilitoka kwenye mfuko wa urithi wa jimbo, ambao hujazwa na mapato ya bahati nasibu ya Arizona. Risasi ya shaba haipasuki. Ikigonga hufunguka kama ua na kubaki karibu nzima. Asiyeipata kwa bunduki yake aliombwa abebe matumbo na kuyaleta kituoni, na wanaoyaleta waliingizwa katika droo ya zawadi.

Huu ulikuwa mpango mzuri. Nasema hivyo bila kusita. Mwindaji hakuitwa mharibifu. Alionyeshwa picha za eksirei, akaelezwa, akapewa mbadala mkononi, na gharama hakubebeshwa yeye. Ndani ya miaka michache washiriki walifika kati ya asilimia 80 na 90. Kwa mwito usio na faini wala askari, sijui mpango mwingine wa uhifadhi wa aina hii uliopata mwitikio kama huo. Utah nayo ikaanzisha mpango kama huo miaka kadhaa baadaye.

Na bado ndege waliendelea kufa. Katika historia yote ya kundi hili la Arizona na Utah, sumu ya madini ya risasi ndiyo inayoongoza. Imeua karibu nusu ya ndege waliokufa na sababu ya kifo ikajulikana. Kila majira ya baridi, msimu wa kulungu ukipita, wahudumu huwanasa kondori mmojammoja, huwapima damu, na wale waliozidi kiwango huchomwa dawa inayoyakamata madini mwilini ili yatoke kwa mkojo. Kundi la porini linaloishi kwa sindano za kila mwaka haliwezi kuitwa kundi lililopona.

Kwa nini asilimia 90 haikutosha? Jibu liko kwenye hesabu, na hesabu hii ndiyo kiini cha kisa. Utafiti uliochapishwa na Myra Finkelstein na wenzake mwaka 2012 ulionyesha kwamba hata ikiwa nusu ya asilimia moja tu ya mizoga ina madini ya risasi, uwezekano wa kondori kukutana nayo angalau mara moja katika miaka 10 ni kati ya asilimia 85 na 98. Unaweza kuihakiki mwenyewe. Tuseme ndege hula mizoga 50 kwa mwaka. Kwa miaka 10 ni mizoga 500. Ikiwa kila mzoga una nafasi 995 kati ya 1,000 ya kuwa safi, nafasi ya yote 500 kuwa safi ni kama asilimia 8. Na ndege huyu anatakiwa kuishi miongo mingi, si miaka 10 tu.

Sasa rudi Kaibab. Mwindaji mmoja kati ya kumi aliyebaki na risasi za zamani anaacha sumu iliyo nyingi mara kadhaa kupita ile nusu ya asilimia. Ongeza koyote, mbwa mwitu wadogo wa huko wanaofanana na bweha, wanaopigwa na mizoga yao kuachwa palepale, sungura, mifugo inayomalizwa kwa bunduki ndogo, kulungu aliyejeruhiwa akakimbilia kichakani akafia huko. Ongeza Utah, ambako ndege hawahawa huruka wakati wa kiangazi na ambako mwitikio ulichelewa. Kondori hula popote anapoona mzoga. Mpaka wa majimbo haumhusu. Kwa hiyo sehemu ya kumi iliyobaki haiachi sehemu ya kumi ya vifo. Inaacha vingi zaidi.

Ardhi ya umma, na hakuna anayeamuru

Mwaka 2012 mashirika matatu, Center for Biological Diversity, Sierra Club na Grand Canyon Wildlands Council, yaliishtaki Idara ya Misitu. Hoja yao ilitumia sheria ya shirikisho ya taka ya mwaka 1976: ardhi ni ya Idara, Idara inaruhusu watu waache madini ya risasi juu yake, kwa hiyo Idara inachangia utupaji wa taka hatari. Chama cha bunduki NRA, Safari Club International na chama cha wafanyabiashara wa silaha na zana za kulenga shabaha waliingia upande wa pili.

Kesi ilipanda na kushuka kati ya mahakama ya wilaya na Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Tisa kwa zaidi ya muongo mmoja. Mwaka 2023 mahakama hiyo ya rufaa iliifunga: mwenye ardhi asiyezuia hawi, kwa kutozuia tu, mchangiaji wa utupaji, sheria inataka tendo, na Idara haikutenda. Kisheria naweza kuifuata hoja hiyo. Kiutawala inaniumiza. Mahakama haikusema kwamba Idara haina uwezo wa kuzuia madini ya risasi katika misitu yake. Ilisema haiwezi kulazimishwa kwa sheria ile. Idara yenyewe hushikilia kwamba uwindaji ni jambo la jimbo. Jimbo hushikilia kwamba linafuata hiari. Wakala wa Mazingira wa shirikisho ulikataa ombi kama hilo mwaka 2010 kwa maelezo kwamba sheria ya kemikali za sumu haiupi mamlaka juu ya risasi za bunduki. Kila ofisi imeonyesha mlango wa jirani.

Ngazi ya juu kabisa haikufanya vizuri zaidi. Januari 19, 2017, siku moja kabla ya serikali ya Barack Obama kuondoka, mkuu wa Idara ya Samaki na Wanyamapori ya shirikisho, Dan Ashe, alisaini agizo la kuondoa kwa awamu risasi na zana za uvuvi zenye madini hayo katika hifadhi zinazosimamiwa na idara yake. Machi 2, wiki sita tu baadaye, waziri mpya aliyeisimamia idara hiyo, Ryan Zinke, akalifuta. Agizo lenyewe lisingeigusa Kaibab, kwa kuwa msitu ule uko chini ya wizara nyingine. Nalitaja kwa sababu ya namna lilivyokuja. Agizo linalotolewa usiku wa kuondoka, bila kuwaandaa wavuvi na wawindaji watakaolifuata, hufutwa asubuhi. Lilistahili kutolewa miaka mitano kabla, likiwa na muda wa kuota mizizi.

Uvuvi uliotajwa katika agizo lile si nyongeza ya hivihivi. Chubwi ya madini ya risasi, yaani kile kizito cha kuzamisha mshipi, ikikatika na kuzama, ndege wa majini huiokota pamoja na changarawe za kusagia chakula. Uingereza ilizuia chubwi ndogo za aina hiyo mwaka 1987 kwa sababu ya mabata maji waliokuwa wakifa, na bado Waingereza wanavua samaki mpaka leo. Marekani yenyewe, kuanzia 1991, ilizuia nchi nzima marisau, yaani punje ndogo za bunduki, ya madini ya risasi katika uwindaji wa bata na bukini. Kulikuwa na malalamiko makubwa kuhusu marisau ya chuma, bei yake na nguvu yake. Uwindaji wa bata haukufa. Watafiti walikadiria baadaye kwamba katika msimu mmoja tu wa 1997 bata milioni 1.4 waliepushwa na sumu.

California, kwa kulinganisha

California ilikwenda njia nyingine. Mwaka 2007 gavana Arnold Schwarzenegger alisaini sheria iliyozuia madini ya risasi katika eneo la kondori, ikaanza Julai 2008. Mwaka 2013 gavana Jerry Brown alisaini ya jimbo zima, ikaingia kwa awamu mpaka Julai 2019. Mwaka mmoja baada ya zuio la kwanza, damu ya tai wa dhahabu na ya tumbusi wekundu katika eneo hilo ilikuwa na madini kidogo zaidi. Kwa kondori nafuu haikuonekana haraka hivyo, kwa sababu kadiri walivyozoea kujitafutia mizoga mbali na ile safi waliyowekewa na wahudumu, ndivyo walivyokutana na sumu zaidi.

Kwa hiyo sheria peke yake haikufanya muujiza, na anayeitaja California kama ushindi uliokamilika anawapotosha wasomaji wake. Januari 2025 kondori mchanga wa kundi la kabila la Yurok, lililoanza kuachiwa kaskazini mwa jimbo hilo mwaka 2022, alikufa kwa sumu hiyohiyo. Ndani yake ilikutwa punje ya bunduki ya upepo. Pia ni kweli kwamba risasi ndogo zisizo na madini hayo zilikuwa adimu na ghali madukani wakati sheria inaanza. Mwindaji aliyelalamika kuhusu hilo hakuwa anatafuta kisingizio.

Hata hivyo sheria ilifanya jambo ambalo mwito wa Kaibab haukuweza: ilimfikia yule asiyesoma barua za idara, na ilimwambia mwenye duka kwamba soko la shaba lipo na litabaki. Mwaka hadi mwaka hilo ndilo linalopunguza ile sehemu ya kumi.

Ambacho ningefanya Kaibab

Ningeanza kwa kutovunja kilichojengwa. Risasi za bure ziendelee, na droo iendelee. Wale asilimia 90 walikubali kwa sababu waliheshimiwa, na sharti likija kwa kejeli litawapoteza. Kisha kibali cha kulungu cha Kaibab kiandikwe sharti moja: risasi isiwe na madini ya risasi. Kwa kuwa vibali hivyo tayari hutolewa kwa kura na vina masharti mengine, hakuna haja ya askari mpya wala sheria ya taifa zima. Tume ya wanyamapori ya Arizona inaweza kulitangaza miaka miwili kabla, ili aliye na bunduki ya zamani apate muda wa kujaribu shaba na kulenga upya.

Sharti hilohilo liwahusu wanaopiga koyote, na hapa najua upinzani utakuwa mkali, maana koyote haliwi na wengi wanaompiga hawafikirii mzoga wake kama chakula cha mtu. Ni chakula cha kondori. Utah ianze tarehe moja na Arizona. Ikichelewa, ndege watabeba sumu ya upande mmoja na kufia upande wa pili, kama ilivyokuwa.

Wapo watakaosema kwamba hilo linavunja ahadi ya 1996. Naichukulia hoja hiyo kwa uzito, kwa sababu uhifadhi unaovunja neno lake hauaminiki mara ya pili. Lakini ahadi ilikuwa kwamba uwindaji hautaathiriwa, na tangu 2005 maelfu ya vibali yametumika Kaibab kwa risasi za shaba: kulungu wameuawa, nyama imeliwa. Kuna hata faida kwa meza ya mwindaji. Mwaka 2008 maofisa wa North Dakota waliagiza nyama ya kulungu iliyotolewa sadaka itupwe baada ya vipande vya risasi kukutwa ndani yake. Mtoto wa mwindaji anakula kutoka kwenye kulungu yuleyule ambaye matumbo yake yaliachwa msituni.

Na muda haupo mwingi. Mwaka 2023 homa ya ndege iliua kondori 21 wa kundi hili la Arizona na Utah kwa majira machache. Ugonjwa ule hauna tume ya kuuzuia. Duniani kondori sasa wamepita 500, zaidi ya 300 kati yao wakiwa porini, na mwaka 2019 kifaranga cha 1,000 cha mpango mzima kiliangua kwenye majabali ya Zion, Utah, kikaruka. Kati ya yote yanayowaua, madini ya risasi ndiyo pekee yenye mbadala unaouzwa dukani, na ambao Arizona imekwisha kuulipia.